Mgahawa wa Kijani Hujulikana kwa Mlango wa Nyuma

Nina tabia moja ambayo wenzangu wameshaizoea. Tukienda kula kwenye mgahawa unaojinadi kuwa wa kijani, yaani rafiki wa mazingira, mimi huulizia choo kiko wapi, kisha wakati wa kurudi hupotea njia makusudi mpaka nitokee uani. Mbele huwa nimeshaona ukuta wa udongo, nguzo za miti isiyorandwa, mimea iliyotambaa hadi darini. Nyuma hukuta feni ya moshi inanguruma kama lori linalopanda mlima, mashine za majokofu zimepangwa ukutani kwenye jua la saa tisa alasiri, mapipa yamefurika maganda yakisubiri gari la taka, na mfereji wa maji ya vyombo unaoishia mahali ambapo hakuna mfanyakazi anayependa kupataja.

Sisemi waliojenga ni matapeli. Wengi walikusudia mema. Ugumu ni kwamba neno "endelevu" likishabandikwa kwenye mgahawa hubeba mambo matatu yaliyosokotana: jengo limejengwa kwa nini, linaendeshwaje kila siku, na chakula kinachopikwa humo kinatoka kwenye shamba la namna gani. Mtu anaweza kulipata la kwanza akakosa mawili yaliyobaki, na picha bado zikapendeza.

Jiko kwanza

Ukigawa umeme na gesi kwa mita za mraba, mgahawa hula nishati kuliko karibu majengo yote ya biashara. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani unaoshughulikia matumizi ya nishati, huweka tofauti kati ya mgahawa na ofisi au duka la kawaida kuwa mara 5 hadi 7. Nishati hiyo haiendi kwenye taa za ukumbini. Inakwenda kwenye moto, baridi, maji ya moto na hewa.

Hewa ndiyo inayosahauliwa. Feni iliyo juu ya jiko ikivuta moshi na mvuke kuutoa nje, hewa nyingine lazima iingie kujaza nafasi. Itoke wapi? Kama mchoraji hakufikiri, itatoka ukumbini, palepale ambapo kiyoyozi kimetumia umeme kuipoza. Kwa maneno mengine mwenye mgahawa analipa kupoza hewa, kisha analipa tena kuitupa juu ya paa. Dawa yake haina urembo wowote: majiko yote ya moto mkali yakusanywe pamoja na kuegemezwa ukutani, kofia ya moshi ishushwe karibu nayo na kuzibwa pembeni, na hewa ya kujazia iletwe kutoka nje hadi karibu na moto wenyewe. Feni ndogo hapo itatosha. Kwenye karatasi mabadiliko haya ni ya nusu siku. Jengo likishasimama, ni ya kubomoa.

Moto nao una hesabu yake. Katika jiko la kawaida la gesi, takribani theluthi moja tu ya joto huingia kwenye chakula; lililobaki hupanda kando ya sufuria na kumchemsha mpishi. Jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hupitisha zaidi ya asilimia 80. Ila umeme wa induksheni ukitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, sehemu ya faida inapotelea huko kabla haijafika jikoni. Ndiyo maana simwamini mtu anayetoa jibu moja kwa kila mahali.

Kuhusu baridi, wakulima walikuwa na akili kabla ya majokofu. Ukichimba mita kadhaa chini, joto la ardhi halichezi sana mwaka mzima. Hukaa karibu na wastani wa joto la mahali hapo. Stoo iliyochimbwa kwenye mteremko, mlango wake ukiwa upande wa kivuli, inaweza kutunza mizizi na mazao yaliyochachushwa kwa miezi bila waya hata mmoja. Katika nchi za baridi hilo linafaa sana. Mahali ambapo wastani ni nyuzi 25, stoo hiyo itafaa kwa nafaka na mvinyo wa kupikia, lakini maziwa yataganda humo siku ya pili. Mtu akikuonyesha mchoro wenye stoo ya ardhini, muulize wastani wa joto wa mwaka wa mahali hapo ni nyuzi ngapi. Asipojua, stoo hiyo ni pambo.

Ukuta wenye saa yake

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapo ndipo watu hupenda kuanzia. Hoja ya msingi ni ya kweli kabisa. Saruji peke yake inahusika na takribani asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tanuri lake hufika nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa hiyo haitokani hata na kuni wala makaa ya tanuri. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto. Chokaa ya kawaida huchomwa kwenye nyuzi 900 hivi, na ikishapakwa ukutani hufyonza tena sehemu ya hewa ukaa hiyo taratibu inapokuwa ngumu. Tofali la udongo lisilochomwa hukaushwa na jua tu.

Msanifu majengo Francis Kéré aliionyesha dunia uwezo huo katika shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, kisha akaliinua paa la bati juu, mbali na dari ya matofali yenye matundu. Joto la bati halishuki darasani; upepo hupita katikati na kuondoka nalo. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Mbinu ile ya paa mbili imeigwa mahali pengi, na kwa ukumbi wa kulia chakula inafaa kama ilivyofaa darasani.

Ila mgahawa si shule, na tofauti kubwa iko kwenye ratiba. Shule hufungwa mchana wa jua kali, mgahawa ndiyo kwanza unajiandaa kwa wateja wa usiku. Ukuta mzito haufuti joto, hulichelewesha. Ukuta wa udongo wa sentimita 20 unaotazama magharibi hupigwa na jua saa tisa alasiri na kuliachilia joto lake ndani karibu saa tatu usiku, wageni wakiwa katikati ya chakula. Uongeze unene hadi sentimita 40, joto litatokea usiku wa manane, viti vikiwa vimeshapinduliwa juu ya meza. Lakini unene huohuo ukiuweka upande wa mashariki, jua la saa tatu asubuhi litawasili ukumbini saa mbili usiku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza udongo unachimbwa wapi, msanifu anatakiwa kuuliza mgahawa unafunguliwa saa ngapi. Mgahawa wa chakula cha mchana unaweza kuupenda ukuta ambao mgahawa wa usiku utaulaani. Baraza pana linaloweka ukuta kivulini humaliza ugomvi huu kwa urahisi kuliko hesabu yoyote.

Kuna mahali udongo haufai, na wajenzi waaminifu hulisema mapema. Jikoni kuna mvuke, mafuta yanayoruka na maji ya kuoshea sakafu kila usiku. Wakaguzi wa afya hutaka ukuta unaofutika, na wana haki. Nyasi za kuezekea juu ya moto ni kuutafuta msiba. Jengo zuri la namna hii basi huwa na nyuso mbili zinazokubaliana: ukumbi wa udongo, mawe au mianzi, na jiko la vigae na chuma cha pua chini ya paa lisiloungua. Wanaoficha jiko nyuma ya nyasi za mapambo hunikera kuliko wanaojenga zege na kukiri.

Na zege lenyewe lina visa vyake. Mgahawa wa Under huko Lindesnes, kusini mwa Norway, uliochorwa na kampuni ya Snøhetta na kufunguliwa mwaka 2019, ni bomba la zege la urefu wa mita 34 lililolala nusu nchi kavu, nusu baharini, na dirisha lake kubwa liko mita 5 na nusu chini ya maji. Kuta zake zina unene wa nusu mita. Kwa hesabu ya saruji hauna la kujisifia. Lakini uso wa nje uliachwa na mikwaruzo ili kome washike na jengo ligeuke mwamba wa viumbe, na kwa mandhari ya bahari ile sioni ni nini kingine kingestahimili mawimbi. Je, ni endelevu? Inategemea utasimama miaka mingapi. Zege lililodumu miaka 100 hugawanya deni lake kwa vizazi; zege lililobomolewa baada ya miaka 8 kwa sababu biashara imefilisika ni hasara tupu. Na migahawa, kama tujuavyo, hufilisika.

Ndiyo sababu mifano miwili ninayoipenda kuliko yote haikujengwa kuwa migahawa. De Kas ya Amsterdam iko ndani ya kitalu cha kioo cha mwaka 1926 kilichokuwa mali ya manispaa, na kilichokuwa kinasubiri kubomolewa hadi mpishi Gert Jan Hageman alipokichukua na kufungua mgahawa mwaka 2001. Blue Hill at Stone Barns, katika jimbo la New York, iko kwenye mabanda ya mawe ya ng'ombe wa maziwa ambayo familia ya Rockefeller iliyajenga miaka ya 1930. Mpishi Dan Barber alianza kupika humo mwaka 2004. Majengo yote mawili yalikuwa yameshalipa deni lao la mali ghafi miaka mingi iliyopita. Zaidi ya hayo yalijengwa kwa ajili ya kilimo, kwa hiyo jua, upepo na njia ya kuelekea shambani vilikuwa vimeshapangwa na watu waliokuwa na sababu ya kuvijua.

Muulize mkulima kabla ya mpima ardhi

Msanifu akitembelea kiwanja siku moja, ameuona upepo mmoja. Mkulima aliyelima pale miaka 20 anajua upepo wa kila msimu unatoka wapi, maji yanatuama kona gani mvua ikizidi, ni bondeni wapi hewa baridi hulala usiku na kuunguza miche. Mambo hayo hayaandikwi kwenye ramani. Jiko likiwekwa upande ambao upepo unatokea, moshi wa kuchoma utawapitia wageni wote kabla ya kuondoka. Ukumbi ukiwekwa pale hewa baridi inapolala, utanunua vipasha joto vya nje kila mwaka.

Mteremko nao ni nguvu isiyolipiwa. Tangi la maji ya mvua likikaa juu ya bustani, umwagiliaji hauhitaji pampu. Niweke hesabu moja hapa, kwa sababu maji ya mvua husifiwa bila kupimwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 300 mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka linapokea lita 240,000; ondoa kama moja ya tano ya kumwagika na ya kusafishia paa, zibaki kama lita 190,000 ikiwa mifereji ni mizuri. Tuseme mgahawa unahudumia wageni 100 kwa siku na kila mmoja anahitaji lita 20 kwa mapishi, vyombo na vyoo. Hizo ni lita 2,000 kwa siku. Mvua ya mwaka mzima inamalizika kwa siku 95. Na hapo ni kama una tangi la kuitunza yote, jambo ambalo ni nadra. Maji ya mvua yanafaa sana kwa vyoo na bustani. Anayesema yanaendesha mgahawa mzima ana paa kubwa kama uwanja wa mpira au hana wateja.

Shamba linavyochora jengo

Hapa ndipo ninapoona pengo kubwa kati ya maneno na matendo. Vijungu vitano vya majani ya kunukia mlangoni si shamba. Tupime tena. Wageni 100 kwa siku wakila gramu 250 za mboga kila mmoja ni kilo 25 kwa siku, zaidi ya tani 9 kwa mwaka. Bustani ikitoa kilo 3 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, unahitaji mita za mraba 3,000 za matuta, bila kuhesabu njia, na bado hujapata nafaka, mafuta, maziwa wala nyama. Kwa hiyo karibu kila mgahawa wenye shamba huishi pia kwa majirani. Mil, mgahawa ambao mpishi Virgilio Martínez aliufungua mwaka 2018 kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,500 kando ya matuta ya duara ya Moray nchini Peru, unafanya kazi na jamii mbili za jirani, Mullak'as-Misminay na Kacllaraccay, ambao ndio wanaolima na kuijua mimea ya kimo kile.

Mavuno hayaji kilo 25 kila siku. Huja kwa mafuriko: wiki tatu za nyanya hadi unazichukia, kisha hakuna. Jengo lisilo na mahali pa kuyapokea mafuriko hayo litayatupa, halafu litanunua sokoni mwezi unaofuata. Kwa hiyo alama ya mgahawa uliotokana na kilimo kweli ni vyumba visivyopigwa picha: chumba cha kuoshea mazao yenye matope, chenye sakafu yenye mwinamo na mlango wa nje wake mwenyewe, sehemu kavu ya kukaushia, ambako joto linalotoka nyuma ya majokofu linaweza kufanya kazi badala ya kupotea, rafu za mitungi ya kuchachushia zilizo mbali na dirisha. Azurmendi, mgahawa wa mpishi Eneko Atxa karibu na Bilbao, Hispania, unaopata joto kutoka ardhini, una kitalu juu ya jengo, kwa hiyo mgeni hupita kwenye mimea kabla hajaketi. Uliwahi kupewa tuzo ya mgahawa endelevu zaidi, mwaka 2014 na tena 2018, na wengi huikumbuka ile bustani ya juu. Mimi ningependa zaidi kuziona stoo.

Nikubali pia jambo linalowaudhi mashabiki wa "chakula cha karibu". Usafiri unachangia sehemu ndogo tu, karibu asilimia 6, ya gesi joto zote za mfumo wa chakula. Kilichomo kwenye sahani kina uzito kuliko kilomita kilizosafiri. Mgahawa unaochoma nyama ya ng'ombe wa shamba la jirani kila usiku unaweza kuwa na deni kubwa kuliko unaopika dengu zilizovuka bahari. Ukaribu una faida nyingine, za ubichi, za kipato cha mkulima, za kujua kilichopuliziwa dawa na kisichopuliziwa, lakini msanifu asiuuze kama tiba ya tabianchi.

Njia ya toroli

Turudi uani. Mabaki ya jikoni ni mazito na yamejaa maji. Yakizikwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Yakigeuzwa mboji yanahitaji kitu kikavu cha kuchanganyia, na hicho shamba linacho: majani makavu, mabua, takataka za kupogoa. Jiko lina unyevu, shamba lina ukavu. Rundo likichanganywa vizuri hupanda hadi nyuzi 60 lenyewe na kuua mbegu za magugu.

Swali la usanifu ni nani analisukuma toroli, na linapita wapi. Kama rundo liko juu ya jiko, mtu atasukuma kilo 60 za maganda mlimani saa tano usiku baada ya zamu, na wiki ya pili maganda yataanza kuingia kwenye pipa la manispaa kimyakimya. Rundo likiwa chini kidogo ya jiko na shamba likiwa chini ya rundo, mzigo mzito hushuka mara zote mbili. Kinachopanda ni kikapu cha saladi. Mpishi Douglas McMaster alipofungua Silo mjini Brighton, Uingereza, mwaka 2014, mgahawa usio na pipa la taka, mpangilio ndio uliofanya kazi: bidhaa kuingia kwa vyombo vinavyorudi, unga kusagwa humohumo, mabaki kuwa mboji.

Maji machafu yana mtego mmoja ambao wengi huukosea. Sanduku la kunasa mafuta hufanya kazi kwa kuyapunguzia maji mwendo ili mafuta yaelee. Maji ya mashine ya vyombo yakiingia yakiwa moto mno, mafuta hupita yakiwa kimiminika na kuganda mbele, ndani ya bomba. Sanduku likae mbali kidogo na mashine, kivulini, mahali linapofunguka bila kuinamisha mgongo. Baada yake, bwawa la matete linaweza kusafisha kiasi kikubwa cha maji kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi, mradi mafuta yasifike. Mafuta yakifika matete, matete hufa, na bwawa hunuka kuliko tatizo lililotaka kutatua.

Kuna hesabu moja nje ya jengo kabisa. Mgahawa mzuri wa shambani mara nyingi uko kilomita 60 kutoka mjini. Gari dogo la petroli likienda na kurudi huacha kama kilo 20 za hewa ukaa. Wakiwa wawili ndani yake, kila mmoja ameshatumia kilo 10 kabla ya kuagiza chochote. Kituo cha basi karibu na lango, au vyumba vichache vya kulala, vinaweza kushinda ukuta wowote wa udongo.

Jambo la mwisho ni dirisha. Katika michoro mingi niliyowahi kuonyeshwa, dirisha kubwa linaloelekea bustanini ni la wageni, na sinki la vyombo limebanwa kwenye kona isiyo na mwanga. Mchoro mmoja ulifanya kinyume: muoshaji vyombo alipewa dirisha la urefu wa kifua, juu ya sinki, likitazama matuta. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kujua mboga gani imerudi kwenye sahani, na kwa hiyo ndiye anayestahili kuona ni tuta gani lipandwe kitu kingine msimu ujao.